Vidole vya mama vikibadilika rangi kwa baridi

Juni na Julai, kule Makete, Lushoto au Limuru, kila anayefua alfajiri anajua vidole vya kufa ganzi. Hiyo ni baridi tu. Lakini yupo mama ambaye akigusa maji ya baridi au kitu kilichotoka kwenye friji, vidole vyake hupauka ghafla kama vimekamuliwa damu, kisha huwa na rangi ya kijivu au bluu. Damu ikirudi, vinawaka na kuuma. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo huonekana vizuri zaidi kwenye kucha na viganja.

Hali hiyo huitwa Raynaud, jina la daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1862. Wengi walio nayo hawana ugonjwa mwingine wowote, hasa ikiwa ilianza wakiwa wasichana. Inayotia shaka ni ile inayoanza ukubwani, baada ya miaka 30, ikafuatana na vidole kuvimba. Pete ya ndoa haivuki kiungo cha kidole, na nyumbani wanasema mama amenenepa.

Huenda huo ni mwanzo wa skleroderma. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Mishipa midogo ya damu huharibika, na mwili hutengeneza kovu mahali pasipo na kidonda. Ngozi hukaza na kung'aa, vidole hujikunja, mdomo hupungua upana hadi mswaki unapita kwa shida. Wanawake ndio huugua zaidi, wengi kati ya miaka 30 na 50, yaani wakati wa kulea.

Wengine hupata madoa meupe yenye vinukta vyeusi kuzunguka vinyweleo, kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga. Hapo ndipo maneno ya majirani huanza: ni mkorogo, ni ukoma, karogwa. Hakuna hata moja. Skleroderma haiambukizi, na mtoto anaweza kula sahani moja na mama yake na kulala kifuani pake.

Kovu haliishii kwenye ngozi. Chakula hukwama kifuani na kiungulia huwa cha kila siku. Mapafu yakikakamaa, mgonjwa hukohoa kikohozi kikavu na kuhema akipanda ngazi, na ni rahisi kudhaniwa ana kifua kikuu. Mapafu ndiyo yanayoua wengi, kwa hiyo daktari huagiza kipimo cha kupuliza pumzi, picha ya CT ya kifua na eko ya moyo hata kama mgonjwa anajiona mzima.

Jambo ambalo kila mwanafamilia anapaswa kulijua ni la figo. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa miaka michache ya mwanzo ngozi ikiwa inakaza kwa kasi, presha hupanda ghafla, kichwa huuma, macho hufifia, mkojo hupungua. Hiyo si ya kusubiri kesho. Zamani wengi waliopatwa na hali hiyo walikufa ndani ya mwaka mmoja. Tangu ilipokuja captopril na dawa za jamii yake, wengi huokolewa wakiwahi. Ndiyo maana kipimo cha presha cha nyumbani kina maana sana kwa mgonjwa huyu.

Na ndiyo maana vidonge vya prednisolone, ambavyo watu hununua duka la dawa kama pipi kila viungo vikiuma, ni hatari kwake. Dozi kubwa, zaidi ya miligramu 15 kwa siku, huongeza uwezekano wa janga hilo la figo.

Dawa ya kuumaliza ugonjwa wenyewe haijapatikana. Kila kiungo hutibiwa kwa dawa yake. Nifedipine, inayojulikana kama dawa ya presha, hufungua mishipa ya vidole. Omeprazole hutuliza kiungulia. Mycophenolate hupunguza kasi ya kovu kwenye mapafu na ngozi. Kwa mama anayepanga kuzaa, habari ni hii: mycophenolate, methotrexate na captopril huweza kumdhuru mtoto tumboni. Mimba inawezekana kwa wengi, lakini azungumze na daktari kabla, si baada ya kukosa siku zake.

Nyumbani, mzigo wa maji ya baridi uhamie kwa wengine. Baba anaweza kuosha vyombo, ndoo haimjui jinsia. Kiwiliwili kizima kiwe na joto, sweta na soksi, si glavu peke yake. Sigara iachwe, maana hubana mishipa hiyohiyo. Kidonda kwenye ncha ya kidole kionwe na daktari mapema. Chakula cha usiku kiliwe saa tatu kabla ya kulala, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali.

Watoto nao? Skleroderma ya mwili mzima ni nadra sana kwao. Wanachopata zaidi ni baka moja gumu, linalong'aa, kwenye mguu, mkono au paji la uso. Likipita juu ya goti au kiwiko, mguu au mkono huo unaweza kubaki nyuma ya mwenzake katika kukua, kwa hiyo mtoto mwenye baka la aina hiyo apelekwe kwa daktari wa ngozi wakati bado anarefuka.