Bustani ya Nyumbani: Kulaza Asparaga Wakati wa Baridi

Masika yamekwisha, na upepo mkavu wa Karatu umeanza kuinua vumbi jekundu. Watu wengi hudhani ya kuwa bustani nayo imefunga kazi, na kwa mboga nyingi ni kweli. Lakini kwa mwenye tuta la asparaga, miezi hii ya Juni, Julai na Agosti ndiyo iamuayo kama atavuna kwa muda wa miaka kumi na mitano, au kama mmea wake utadhoofika ungali mchanga.

Asparaga si mchicha, wa kung'olewa leo na kupandwa tena kesho. Chini ya udongo ina kisiki chenye mizizi minene, na machipukizi tuyalayo hutoka katika kisiki hicho. Chipukizi lisipokatwa huinuka hata kimo cha mtu, likafunguka kuwa majani membamba mno, laini kama manyoya. Baadhi yenu mmekwisha kumwona jamaa yake wa mwituni, mwenye miiba, akitambaa vichakani. Kazi ya majani hayo ni moja: kutengeneza sukari kwa nguvu ya jua na kuishusha mizizini. Chipukizi la msimu ujao hulishwa na akiba hiyo. Basi mtu akatae majani yangali mabichi, ati bustani ionekane safi, aupokonya mmea chakula chake mdomoni.

Hapa vitabu vya bustani vya Ulaya havitutoshi. Huko baridi ya jalidi na theluji huulaza mmea bila mtu kushughulika. Sisi wa Karatu tuko kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari. Usiku wa Julai twajifunika mablanketi mawili, walakini baridi hiyo haitoshi kuulaza. Ukizidi kumwagiliwa maji, utazidi kuchipua mwezi baada ya mwezi, kila chipukizi jembamba kuliko lililotangulia, mpaka akiba iishe. Afadhali tujifunze kwa watu wa pwani ya Peru, ambako theluji haianguki na mvua ni haba sana, na hata hivyo nchi yao ni miongoni mwa zile ziuzazo asparaga nyingi kuliko zote duniani. Wao huulaza mmea kwa kiu: hufunga maji, na mmea hupumzika.

Nasi tunacho kiangazi chetu, tena kimekuja bila gharama. Mara masika yaishapo, acha kumwagilia. Majani yatageuka rangi polepole, kwanza manjano, kisha hudhurungi. Usiyaonee haraka. Yakiisha kukauka, yakate karibu na ardhi, uyaondoe tutani na kuyachoma moto, maana magonjwa ya shina hujificha humo mpaka mvua irudi. Magugu yang'olewe kwa mkono. Jembe likizama litakipasua kisiki, na jeraha hilo huoza. Ukiona mmea wenye matunda madogo mekundu, huo ni wa kike. Yaokote, ama sivyo utakuwa na miche isiyopandwa na mtu kila mahali.

Kisha samadi. Wairaqw wa Kainam, katika nyanda za juu za Mbulu, wanajulikana tangu zamani kwa kutia mashambani samadi ya ng'ombe walalao nyumbani mwao, wala sijui mboga iipendayo desturi hiyo kuliko asparaga. Iwe imeoza vema, ienezwe juu ya tuta mwezi wa Agosti, pamoja na majivu kidogo ya jikoni, kwa kuwa mmea huu hauupendi udongo mchachu. Mwisho funika kwa majani makavu. Mabua ya mahindi yangefaa, lakini ng'ombe wanayangoja, na mama wa nyumba hatakubali. Basi tumia majani ya mgrevilea. Kuku wazuiliwe, maana watayachakura yote kabla ya jioni.

Mwezi wa Septemba fungulia maji. Machipukizi yatatokea yakiwa manene, nawe utavuna muda wa majuma sita hata manane, kama tuta limepita miaka mitatu. La miaka miwili livunwe majuma mawili tu, na la mwaka wa kwanza lisiguswe kabisa. Baadaye yaache yote yakue, yapate mvua za vuli.

Najua neno litakalosemwa. Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo wageni wa Ngorongoro wamejaa katika hoteli zetu, na mpishi yuko mlangoni na fedha mkononi, wakati ada ya mtoto inadaiwa. Ni vigumu kumwambia mtu kama huyo kwamba tuta limelala. Siwalaumu wanaokata, lakini wanauza mwaka ujao kwa bei ya mwaka huu. Mwenye nafasi aligawe tuta lake mara mbili. Nusu moja ilale kama nilivyoeleza. Nusu ya pili aitunze kama wafanyavyo Taiwan na Thailand: katika kila kisiki aache mashina matatu hata matano yakue kuwa mama, ayamwagilie, na kukata yale yachipuayo pembeni. Mama hao wakichakaa, waachwe wengine mahali pao. Nusu hii huchoka upesi zaidi, lakini mpishi hatarudi mikono mitupu. Wavune asubuhi na kupeleka siku ile ile, maana asparaga iliyolala usiku kucha bila ubaridi hupoteza utamu wake.

Walimu wenye bustani za shule wana bahati moja: likizo ya Juni yaangukia wakati wa kulaza, hata hahitajiki mtoto wa kumwagilia. Tena wana shida moja, ya kuhamishwa kabla ya mwaka wa tatu. Basi mwalimu aandike katika daftari la bustani tarehe ya kupanda na ya kufunga maji, ili ajaye asilidhanie tuta lililokauka kuwa limekufa, akalilima kupanda maharage.

Mwezi ujao tutashuka Mang'ola, kuona vitunguu vinavyohifadhiwa visioze.