Mwacheni Mtoto Asome



Wapendwa katika Kristo, wako waamini huku kwetu, Masasi hata Newala, wanaodai kwamba mtoto Mkristo asisome hadithi za viumbe wa ajabu kwa kuwa ni mlango wa ushirikina. Nasema wazi kwamba nawapinga.

Hebu tutazame kitabu kimoja cha namna hiyo. Mwaka 1902 Edith Nesbit wa Uingereza alisimulia habari za watoto waliofukua kiumbe mchangani. Kiumbe huyo huwapa takwa moja kwa siku, nalo hukoma jua linapotua. Waliomba uzuri, mtumishi wa nyumbani asiwatambue, akawafungia mlango, wakakosa chakula. Waliomba dhahabu, wakapata shimo la sarafu za kale zisizopokelewa dukani. Waliomba mabawa, yakatoweka wakiwa wamelala juu ya mnara wa kanisa. Uko wapi hapo ushawishi wa uchawi?

Kama hadithi ya takwa lililoharibika ni haramu, basi tuwanyang'anye watoto na Injili ya Marko. Katika sura ya 6 Herode anamwahidi binti chochote atakachoomba, hata nusu ya ufalme, na kinacholetwa ni kichwa cha Yohane juu ya sinia.

Isitoshe, mtoto wa mkulima wa korosho haoni mageni katika sarafu zisizonunua kitu. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei za mnada. Novemba Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Bei iliyotamaniwa ikapatikana, ila wengi waliingia mwaka 2019 wakingali wanasubiri malipo, huku karo zikidaiwa. (Sishangai kwamba watoto wetu huielewa hadithi hii upesi kuliko wakubwa.)

Tena, nani hasa hudanganyika kwa matakwa? DECI, iliyoendeshwa na wachungaji na kuahidi kwamba apandaye fedha atavuna maradufu, ilisimamishwa mwaka 2009. Waliopanda hawakuwa watoto waliopotoshwa na riwaya. Walikuwa watu wazima, wacha Mungu, waliofundishwa kwamba sala ni oda ya dukani.

Basi mwenye ari ya kusafisha nyumba yake aanze na chupa ya mafuta ya upako aliyoinunua ili apate gari, kisha ndipo aje tuzungumze juu ya kitabu cha mwanawe.