Acheni Kuniambia Kitabu Kilikuwa Bora

Naanza kwa kukiri. Mimi si mhakiki wa filamu. Sijasomea sinema, sijui kamera inashikwaje, na muvi nyingi za mwaka 2023 nimezitazama nyumbani kwenye kompyuta, nyingine vipande vipande kwa sababu ya mgao wa umeme. Nilichonacho ni macho mawili na kabati la vitabu. Na kabati hilo ndilo linaloniandikisha leo, maana nimechoshwa na watu wenye makabati kama langu.

Mwaka wenyewe umetuchokoza. Kati ya filamu kumi zilizowania Oscar ya filamu bora Machi 2024, tano zimetokana na vitabu: Oppenheimer, Killers of the Flower Moon, Poor Things, American Fiction na The Zone of Interest. Sisi wasomaji tulipaswa kushangilia. Badala yake, kila nikikaa na wapenzi wenzangu wa fasihi, sentensi inayotoka ni ileile, tena kabla chai haijapoa: "Ah, kitabu kilikuwa bora." Basi, mjadala umefungwa. Msemaji kajipa maksi zake, na yule aliyeona muvi tu kaambiwa kwa adabu kwamba hajasoma.

Mimi nasema hiyo si hoja. Ni namna ya kutaja idadi ya vitabu ulivyosoma bila kuulizwa. Inadhani kazi ya filamu ni kubeba kitabu kama hamali anavyobeba gunia, likifika limepungua kilo mbili anakatwa ujira. Filamu haijaajiriwa na kitabu. Na mwaka huu, ukitazama vizuri, zilizofanikiwa zaidi ndizo zilizothubutu kulifungua gunia na kumwaga.

Chukua The Zone of Interest. Riwaya ya Martin Amis ya mwaka 2014 ina wasimulizi watatu, ina mapenzi ya ofisa mmoja kwa mke wa mkuu wa kambi, na mkuu mwenyewe kapewa jina la kubuni, Paul Doll. Jonathan Glazer kachukua jina la kitabu na mahali pake, vingine karibu vyote kaviacha. Wasimulizi hakuna. Mapenzi yale hakuna. Mkuu wa kambi karudishiwa jina lake la kweli, Rudolf Höss, na sisi tunakaa naye nyumbani: mke anatunza maua, watoto wanaogelea, na ng'ambo ya ukuta ni Auschwitz. Mauaji hatuoneshwi. Tunayasikia tu: risasi, mayowe, na mngurumo usionyamaza. Kitabu nilikisoma huku nakunywa chai, mpaka mwisho. Filamu nilianza kuitazama na sahani ya wali mapajani, nikaiweka chini na sikuirudia. Sasa niambieni, nani kapungukiwa hapo?

Au American Fiction. Ndani ya riwaya ya Percival Everett, Erasure ya mwaka 2001, mna riwaya nyingine iliyochapwa kurasa kwa kurasa: ile anayoiandika Monk kwa hasira, kuwadhihaki wachapishaji wanaotaka Mweusi asimulie bastola na ufukara tu. Cord Jefferson, na hiyo ni filamu yake ya kwanza kuongoza, angefanyaje? Atusomee? Kawasimamisha wahusika mbele ya mwandishi, chumbani mwake. Wanagombana, wanatishana, halafu wanamgeukia kumuuliza waseme nini sasa. Dakika chache tu. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu hata huku kwetu mwandishi anajua ni hadithi ipi ya Afrika inayouzika nje.

Geukeni sasa upande wa pili, kwa ile iliyojitahidi kutii. Oppenheimer imetoka kwenye American Prometheus cha Kai Bird na Martin Sherwin, kitabu kinene cha mwaka 2005 kilichopata Pulitzer. Filamu ina dakika 180 na imebeba Oscar saba. Sibishani na sanduku la tuzo. Ile sehemu ya jaribio la bomu, mwanga umeshafika na mshindo bado, ukumbi mzima ulinyamaza, na mimi nilisahau kupumua. Lakini kwingine wanasayansi wanapanda na kushuka kama abiria wa daladala: jina limetajwa, sura imepita, hujamjua huyu ni nani keshashuka kituoni. Kitabu kina nafasi ya kuwakalisha wote. Muvi haina. Na Jean Tatlock, ambaye kitabuni ni daktari mwenye akili na siasa zake, hapa tunamwona mara chache, na sehemu kubwa ya mara hizo yuko uchi. Yaani orodha ya majina imehifadhiwa, mtu kapotea. Huo ndio uaminifu tunaoudai?

Najua mtanijibu: kwa hiyo kila anayekata kitabu apigiwe makofi? Hapana. Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane.

Poor Things imenikera, na imenikera kwa kitabu. Riwaya ya Alasdair Gray ya mwaka 1992 ni ya Glasgow. Yorgos Lanthimos kaihamishia London. Hilo nalimeza. Lakini kitabuni, baada ya mume kumaliza kusimulia maajabu yote ya mkewe, mke mwenyewe anashika kalamu na kuandika barua ya kuikanusha hadithi hiyo. Kila ulichosoma kinatikisika. Filamu imeiacha barua. Imetuachia mwanamke wa ajabu, anayechezwa vizuri mno na Emma Stone, lakini imemnyang'anya nafasi ya kusema, "Jamani, huyu mwanamume kawadanganya." Filamu inayojisifu kwa kumwachia mwanamke uhuru, halafu ikafuta mahali anaposhika kalamu mwenyewe kuikanusha hadithi ya mumewe! Hilo ni lalamiko, na nina ukurasa wa kuwaonesha.

Killers of the Flower Moon ndiyo iliyonipa shida kuliko zote. David Grann, katika kitabu chake cha mwaka 2017, anamficha muuaji kwa muda mrefu. Unashuku pamoja na mpelelezi. Martin Scorsese anakuonesha mapema: huyu hapa Hale, huyu hapa mpwa wake Ernest, na huyu ni Mollie, mke wa Ernest, mwanamke wa Kiosage ambaye ndugu zake wanauawa mmoja mmoja kwa ajili ya pesa za mafuta. Swali linahama. Si tena nani kaua. Ni vipi mtu anamkumbatia mkewe usiku na asubuhi anamdunga dawa yenye sumu. Dakika 206 nilikaa na swali hilo, na ni zito kuliko la kitabu. Lakini sehemu ya mwisho ya Grann, pale anapogundua kwamba mauaji yalikuwa mengi kuliko yaliyopelelezwa, na kwamba familia nyingi hazikupata hata mshtakiwa, filamu haikuibeba. Hapo tumepoteza wafu wengi. Nasema hivyo na bado naiona ndiyo filamu kubwa ya mwaka, ingawa ilitajwa mara kumi kwenye Oscar ikatoka mikono mitupu.

Mnaona tofauti? Lalamiko lina ukurasa na lina tukio. "Kitabu kilikuwa bora" halina kitu.

Tena linashangaza likitoka kinywani mwetu sisi. Tumekulia vibanda umiza, tukitafsiriwa muvi na watu wa aina ya marehemu Lufufu. Hatukuwahi kudai neno kwa neno. Mtafsiri akinogesha, tulilipa kesho yake tena, ilimradi stelingi asife. Mwalimu Nyerere naye: Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja wa Venice, Mwalimu mwaka 1969 akatuandikia Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara kawa bepari, na mmoja kawa wengi. Tunausoma uamuzi ule kama fikra ya mtu, hatumkati ujira. Kwa nini mtengeneza filamu asipate heshima hiyohiyo?

Nauliza kwa sababu mkosaji wa kwanza ni mimi. Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa filamu, ile iliyooneshwa Toronto mwaka 2021, nilikwenda kuitazama na binti wa dada yangu. Riwaya hiyo naijua kama njia ya nyumbani. Tulipotoka, yeye kimya, macho mekundu. Mimi nikaanza kuhesabu: hiki kimeachwa, kile kimefupishwa, fulani kapunguzwa. Nilihesabu mpaka kituo cha basi. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mjomba, mimi sikuja kukagua. Nilikuja kumwona Yasmin."

Nilimwahidi kumwazima kitabu. Hajakiulizia mpaka leo. Na kwa nini akiulizie? Nilikwisha mfanyia mtihani, na nilimwambia kabisa kwamba kaufeli.

Hiyo ndiyo hasara yenyewe. Tunalia kila siku kwamba vijana hawasomi, na filamu ikituletea kijana mpaka mlangoni, tunamfungia kwa sentensi moja. Tunalia kwamba riwaya za Kiswahili hazitengenezwi filamu, na yule mmoja akithubutu, tunamngoja nje na rula. Mimi nataka kuiona Utengano kwenye skrini. Nataka hata Nagona, ambayo ukiiheshimu neno kwa neno hutaipiga picha hata siku moja. Lazima atokee mtu aivunje. Akiivunja vibaya nitasema, na nitataja ukurasa.

Na wewe, binti wa dada, kama umefika hapa: Vuta N'kuvute iko juu ya meza, pale karibu na redio. Pita uichukue. Sitakuuliza chochote.