Winga wa mpakani: kipaji kinaonekana, je, stakabadhi?

Madereva wa malori wanaotoka bandari ya Mombasa wanaijua Malaba vyema. Ni zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa kwetu, na foleni yake ni mashuhuri. Lakini kinachovuka mpaka pale si makontena peke yake. Vijana wa mpira wa kikapu nao huvuka, wengine kwenda kucheza, wengine kwenda kusoma kwa ufadhili wa shule za ng'ambo. Agosti 2024 mashindano ya shule za upili za Afrika Mashariki, FEASSSA, yalifanyika Uganda, upande wa Mbale na Bukedea, mwendo mfupi ukishavuka Malaba. Mwaka 2025 yakaja Kakamega, upande wetu. Kwa miaka miwili mfululizo, basi, wasaka vipaji walikuwa na sababu ya kupita kaunti ya Busia.

Swali ni hili: wanapomwona kijana wa miaka 15 au 16 anayecheza winga, watajuaje kama ataweza kuishi kwa mpira huo?

Kwa asiyefuatilia mchezo huu, winga ni yule wa pembeni. Si jitu la kusimama chini ya kikapu, wala si mfupi anayepandisha mpira. Anatakiwa afunge kutoka mbali, apenye, akimbie na amkabe mpinzani wa kimo chochote. Kumpima ni kazi ngumu zaidi kuliko kumpima mrefu, kwa sababu urefu hujionyesha wenyewe.

Tazama kisa cha Khaman Maluach. Ni mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa Kawempe, Kampala. Inasimuliwa kwamba mtu aliyekuwa kwenye bodaboda alimwona njiani, akamsimamisha na kumhimiza acheze kikapu. Hakuwa amedunda mpira hata mara moja. Kimo kilitosha. Kutoka hapo alikwenda kwenye akademia ya NBA nchini Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris 2024, akapitia chuo cha Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa 10 katika uteuzi wa NBA. Ana kimo cha takriban sentimita 218.

Katika uteuzi huohuo alikuwepo Arthur Kaluma, winga mwenye asili ya Uganda, wa kimo cha mita mbili hivi. Aliichezea Uganda ilipofika robo fainali ya AfroBasket 2021 mjini Kigali, kisha akacheza misimu minne katika vyuo vya Creighton, Kansas State na Texas. Hakuna timu iliyomchagua. Si kwamba hajui mpira. Vijana wa mita mbili wanaokimbia na kuruka wamejaa duniani, na anayetaka kupita kati yao lazima awe na kitu cha ziada.

Kwa hiyo anayemtazama winga wa Busia asidanganywe na danki moja iliyozunguka kwenye simu. Atazame miguu: akipitwa, anarudi au anasimama kulalamika? Atazame mikono ikinyooshwa, kwani mikono mirefu huziba pengo la kimo. Atazame anachofanya asipokuwa na mpira, maana kwenye timu ya kulipwa atakaa bila mpira muda mwingi kuliko alivyozoea shuleni. Atazame mkono wake dhaifu. Na kwa kuwa viwanja vingi vya shule ni saruji iliyo wazi kwa upepo na jua, asihukumu mitupo ya mbali kwa mechi moja. Ahesabu mitupo huru, ile ya kusimama peke yako bila wa kukuzuia, kwa mechi kadhaa. Anayeifunga hiyo kwa utulivu, mara nyingi mtupo wa mbali atafundishika.

Halafu aulize umri. Hapa ndipo wengi wanapojikaanga kwa mafuta yao. Kijana wa miaka 19 akicheza na wa 16 ataonekana simba. Kupunguza umri humpa kombe la shule, lakini kunamficha asichokijua. Siku atakayokutana na wenzake wa umri wa kweli, kiingilio kitarudishwa mlangoni. Na katika NBA, kijana wa nje ya Marekani huingia kwenye uteuzi moja kwa moja mwaka anaotimiza miaka 22. Kila mwaka una bei yake, na uongo wa umri ukigunduliwa, mkataba huvunjika pamoja na jina.

Lakini kwa mtoto wa mpakani liko jambo jingine linaloamua kabla hata ya mtupo, nalo ni uraia. Busia na Malaba ni ukoo mmoja uliokatwa na mstari. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili. Mama anaweza kuwa Mkenya na baba Mganda, mtoto akazaliwa upande huu na kusomea upande ule. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, kimerahisisha mizigo na abiria. Hakikurahisisha kanuni za shirikisho la kikapu duniani, FIBA.

Kanuni hizo zinasema timu ya taifa inaruhusiwa mchezaji mmoja tu aliyepata uraia wa nchi hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Na zinamgusa hata yule aliyekuwa na haki ya uraia wa pili tangu kuzaliwa lakini hakuidai mpaka miaka 16 ikapita. Maana yake, mtoto wa mama Mkenya anayeanza kutafuta pasipoti ya Kenya akiwa na miaka 18, baada ya kocha kumwona, atahesabiwa kama mgeni aliyepewa uraia, na nafasi hiyo ni moja tu kwa timu nzima. Tena akishachezea taifa moja mashindano rasmi ya FIBA baada ya miaka 17, kwa kawaida mlango wa taifa la pili umefungwa. Na uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18 hauruhusiwi ila kwa sababu maalum.

Kuna atakayesema timu ya taifa si mkate. Namjibu kwa jina la Tylor Ongwae, winga wetu. Alisoma na kucheza Marekani, akaendelea Ulaya, ikiwemo Bakken Bears ya Denmark. Lakini dunia ilimjua Februari 2021 mjini Yaoundé, alipotupa mpira wa sekunde ya mwisho Kenya ikaifunga Angola 74 kwa 73, na taifa likarudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Kwa winga kutoka nchi isiyo na ligi tajiri, jezi ya taifa ndiyo dirisha la duka. Sasa dirisha jingine limefunguka: mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi ya Afrika, BAL, ambako City Oilers ya Kampala ilitangulia. Hapo ndipo lengo la kweli la kijana wa Busia lilipo: Nairobi, Kampala, BAL, chuo cha Marekani, pengine Ulaya. NBA ikija, iwe ziada.

Mbona tunayaandika haya Pwani? Kwanza, tumeshaonja faida ya kumpokea mtoto wa magharibi. Madina Okot, mzaliwa wa Mumias, alivaa jezi ya Kaya Tiwi hapa Kwale, akapitia chuo cha Zetech, kisha Mississippi State na South Carolina. Pili, na sisi tuna mipaka. Lunga Lunga na Taveta zina familia zilizogawanyika na Tanga na Moshi kama vile Busia ilivyogawanyika na Uganda. Hatari ni ileile.

Tangu Katiba ya 2010, mtoto wa mama Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Haki ipo, lakini haijitembezi yenyewe hadi nyumbani. Mzazi mwenye mtoto anayependa kikapu amtafutie cheti cha kuzaliwa chenye tarehe ya kweli, na pasipoti kabla ya miaka 16. Mwalimu wa michezo aulize karatasi hizo siku ya kwanza, si siku ya safari. Na kaunti za mpakani, badala ya kungoja kupiga picha na mshindi, zipeleke maafisa wa usajili kwenye mashindano ya shule, mahali ambapo vijana wote wamekusanyika. Mtupo mbaya hurekebishwa kwa mazoezi ya mwaka mmoja. Miaka 16 ikishapita, hairudi.