Bustani ya Majina

Mjini Nairobi, pale uliposimama ubalozi wa Marekani, leo pana bustani. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliwaua watu 213 mahali pale, wengi wao Wakenya. Siku ile ile watu 11 wakafa Dar es Salaam. Ubalozi haukujengwa tena penye kiwanja kile: mwaka 2001 kilifunguliwa kuwa bustani ya ukumbusho, na majina ya wafu yameandikwa ukutani.

Yoshua alisimamisha mawe 12 kule Gilgali ili watoto waulize maana yake. Basi, wazazi na walimu, twawasihi: wapelekeni watoto, nao wataulize. Lakini yaangalieni majibu yenu. Tukiwafundisha kuwachukia Waislamu, twawadhulumu wafu, maana Waislamu pia waliuawa siku ile. Wasomeeni majina yote, wala msichague.