Miti ya Kondoa ni Akiba ya Dawa

Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973. Wafugaji waliumia, lakini nyasi na miti vilirejea vilimani. Faida yake kwa ardhi na maji inajulikana. Ipo nyingine ambayo viongozi hawana budi kuizingatia, nayo ni dawa.

Bakteria wanazidi kuwa sugu. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya usugu huo. Mojawapo ya silaha za adui huyu ni pampu ndogo zilizomo katika utando wake: dawa ikiingia, yeye huitema nje kabla haijafanya kazi.

Mimea nayo hushambuliwa na bakteria, na imekwisha kupata jawabu. Mwaka 2000 wanasayansi wa Marekani walieleza kwamba baadhi ya mimea itoayo berberini, ambayo ni sumu ya bakteria, hutoa pia kemikali ya pili. Hiyo peke yake haiui. Huzuia pampu, ili berberini ibaki ndani na kuua. Mwaka 2006 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini, yaani ule ukali wa pilipili manga ilimwayo na ndugu zetu wa Visiwani, huipa nguvu dawa ya siprofloksasini kwa njia hiyo hiyo.

Tusidanganyane. Hayo ni matokeo ya maabara. Kutafuna pilipili manga hakuponyi kidonda, na mgonjwa aliyeandikiwa vidonge sharti avimalize.

Kinachotakiwa ni utafiti. Muhimbili ilianzisha kitengo cha dawa za asili mwaka 1974, ambacho leo ni taasisi kamili. Na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Basi ujuzi wa waganga wa Kondoa uandikwe, na haki yao ilindwe. Miti yao isiulizwe tu kama inaua bakteria. Iulizwe pia kama inairudishia nguvu dawa iliyoshindwa. Mti uliokataliwa katika kipimo cha kwanza huenda ndio tunaoutafuta.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini ikigeuzwa mkaa, haitakuwepo siku ya kuihitaji.