Umma Unapoitwa Kabla ya Wakati

Tarehe 18 Aprili, 2017, Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati ule, Bibi Theresa May, alisimama mbele ya mlango wa ofisi yake mjini London akatangaza kuwa nchi itafanya uchaguzi mkuu tarehe 8 Juni. Bunge lililokuwapo lilikuwa limechaguliwa Mei, 2015, na lilitazamiwa kukaa mpaka mwaka 2020. Bibi May mwenyewe alikuwa amekwisha kusema mara kadhaa kwamba hataitisha uchaguzi kabla ya mwaka huo.

Siku ile ile mwandishi mmoja wa televisheni alimpasha habari hiyo mwanamke mmoja barabarani, katika mji wa Bristol. Mama yule alimaka. Kwanza alidhani anafanyiwa mzaha. Kisha akalalamika kwamba siasa zimezidi mno, akauliza kuna haja gani ya jambo lile. Maneno yake yalirudiwa na vyombo vya habari siku nyingi, na wengi waliyachekea. Lakini waliomwona kuwa kichekesho tu hawakumsikiliza. Kura za maoni zilikuwa zikiwaambia viongozi wa chama cha Conservative kwamba wanawazidi wapinzani wao kwa asilimia 20 hivi. Takwimu hizo zilieleza watu wangekipigia kura chama gani. Hazikueleza watu waliuonaje mwito wenyewe. Mama wa Bristol alieleza.

Sababu iliyotolewa na Serikali ilikuwa moja. Uingereza ilikuwa imekata shauri kujitoa katika Umoja wa Ulaya, kwa kura ya wananchi wote iliyopigwa Juni, 2016, na Bibi May alitaka wingi mkubwa zaidi wa wabunge ili apate nguvu ya kujadiliana na Ulaya. Alidai kwamba nchi inaungana, bali Bunge haliungani. Hoja hiyo ilikuwa na udhaifu ambao hata mtu asiye mwanasiasa aliweza kuuona. Barua rasmi ya kujitoa ilikuwa imekwisha kupelekwa tarehe 29 Machi, nayo ilifungua muda wa miaka miwili tu wa mazungumzo. Serikali iliyokuwa na haraka ya kujadiliana ilichukua wiki saba za muda huo mfupi ikaenda nazo kwenye mikutano ya kampeni. Mazungumzo yenyewe yalianza tarehe 19 Juni.

Yafaa kukumbuka pia kwamba Uingereza ilikuwa na sheria, iliyotungwa mwaka 2011, iliyoweka muda wa Bunge kuwa miaka mitano ili Waziri Mkuu asiweze kujichagulia siku inayomfaa. Sheria hiyo ilitaka theluthi mbili ya wabunge wote wakubali kabla uchaguzi haujaletwa mbele. Tarehe 19 Aprili, siku moja tu baada ya tangazo, wabunge 522 walikubali na 13 walikataa. Chama cha kupinga, Labour, nacho kiliunga mkono, kwani chama cha kupinga kinachokataa uchaguzi huonekana kuwa kinauogopa. Uzio uliojengwa kwa makini ulirukwa katika alasiri moja.

Uchovu wa wananchi haukuwa wa kubuni. Mpiga kura wa Scotland alikwenda kituoni Septemba, 2014, kuamua kama nchi yake ijitenge. Akaenda tena Mei, 2015, kuchagua Bunge la Uingereza. Mei, 2016, kuchagua Bunge la Scotland. Juni, 2016, juu ya Ulaya. Na tarehe 4 Mei, 2017, kuchagua madiwani. Kabla wino haujakauka akaitwa mara ya sita. Mtu aliyeitwa mara sita katika miaka mitatu, kisha akaambiwa kwamba bado hajaeleweka anataka nini, ana haki ya kuuliza kama tatizo ni lake au ni la wanaomwita.

Hata hivyo uchovu huo haukuwafanya wananchi wakae nyumbani. Waliopiga kura walikuwa karibu asilimia 69, wengi kuliko mwaka 2015. Watu walikwenda; ila walipofika hawakujibu swali waliloulizwa. Waliulizwa juu ya Ulaya, wakajibu juu ya shule, wazee, polisi na karo.

Habari ya shule ni ya kufikiriwa sana. Miezi kadhaa kabla ya uchaguzi, wakuu wa shule katika wilaya ya West Sussex na kwingineko walikuwa wamewaandikia wazazi barua kueleza kwamba fedha wanazopewa hazitoshi. Walikuwa watumishi wa umma wakitoa hesabu kwa watu wanaowatumikia, bila kupanda jukwaa lolote. Ndipo ilani ya chama cha Conservative ikatoka tarehe 18 Mei, ikapendekeza kuondoa chakula cha mchana cha bure walichokuwa wakipewa watoto wa madarasa matatu ya kwanza, na kuweka badala yake kifungua kinywa cha bure. Pengine kwenye karatasi za mahesabu jambo hilo lilionekana dogo. Mbele ya mzazi aliyekwisha kupata barua ya mwalimu mkuu halikuwa dogo hata kidogo.

Ilani hiyo hiyo ilitaka thamani ya nyumba ya mzee anayetunzwa nyumbani kwake ihesabiwe katika malipo ya matunzo yake, na deni lilipwe baada ya kufa kwake, urithi ukibakizwa pauni 100,000. Siku nne baadaye, kwa ajili ya hasira ya watu, Bibi May aliahidi kuweka kikomo cha malipo, huku akisisitiza kwamba hakuna kilichobadilika. Jioni ya siku hiyo bomu liliua watu 22 mjini Manchester. Na tarehe 3 Juni watu 8 waliuawa katika shambulio la London Bridge. Msiba ulipopita, wananchi waliuliza kwa nini idadi ya polisi ilikuwa imepunguzwa kwa karibu 20,000 tangu mwaka 2010, na katika miaka sita ya kwanza ya upunguzaji huo Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Bibi May huyo huyo. Naye, aliyewaita watu ili wampime, hakutokea katika mjadala wa televisheni wa viongozi wa vyama tarehe 31 Mei. Alimtuma waziri wake.

Vijana nao walifanya kazi ambayo haikutazamiwa. Tarehe 22 Mei, siku ya mwisho ya kujiandikisha, maombi zaidi ya 600,000 yalipelekwa kwa siku moja. Chama cha Labour kilikuwa kimeahidi kufuta karo ya vyuo vikuu, iliyokuwa zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka. Mji wa Canterbury, wenye vyuo vikuu, ulimchagua mbunge wa Labour kwa mara ya kwanza tangu jimbo hilo lilipoundwa mwaka 1918.

Matokeo yanajulikana. Conservative walipoteza viti 13 na wingi waliokuwa nao. Labour waliongeza viti 30. Ili kubaki madarakani Bibi May alilazimika kupatana na chama kidogo cha Ireland ya Kaskazini chenye viti 10, na jimbo hilo likaahidiwa pauni bilioni moja zaidi. Aliyeomba nguvu alirudi amepungukiwa, na Mei, 2019, akatangaza kujiuzulu.

Magazeti hupenda kuishia hapo, katika ushindi na kushindwa kwa wakubwa. Lakini uchaguzi wa ghafla una watu wengine wanaoubeba, nao hawatajwi. Tangazo la Aprili, 2017, liliwakuta wasimamizi wa uchaguzi wakiwa katikati ya maandalizi ya uchaguzi wa madiwani wa tarehe 4 Mei. Makarani walikuwa wakichapisha karatasi za uchaguzi mmoja huku wakitafuta kumbi za uchaguzi wa pili. Yale maombi ya kujiandikisha yalipochambuliwa ilionekana kwamba mengi yalikuwa ya watu waliokwisha kuwamo daftarini, na kila moja lilipaswa kukaguliwa kwa mkono wa mtumishi. Shule nyingi ambazo madarasa yake hutumika kuwa vituo vya kura zilipaswa kujipanga upya katika msimu wa mitihani.

Ofisini mambo yalisimama. Miswada iliyokuwa haijakamilika, ukiwamo ule wa magereza na mahakama, ilikufa pamoja na Bunge. Serikali ilijaribu hata kuahirisha mpango wa kupunguza hewa chafu ya magari, mpango ambao ilikuwa imeamriwa na mahakama kuutoa, kwa kisingizio kwamba desturi hairuhusu mambo makubwa kutangazwa wakati wa kampeni. Mahakama Kuu ilikataa kisingizio hicho tarehe 27 Aprili, na rasimu ikatolewa tarehe 5 Mei. Jaji aliona yale ambayo wanasiasa hawakutaka kuyaona: mtu anayevuta moshi hangojei uchaguzi kwisha.

Haya hayakuwa mapya katika nchi ile. Februari, 1974, Waziri Mkuu Edward Heath, akipambana na wachimbaji wa makaa ya mawe, viwanda vikifanya kazi siku tatu tu kwa wiki kwa uhaba wa umeme, aliitisha uchaguzi kwa muda wa wiki tatu na kuuliza ni nani anayetawala Uingereza. Alidhani jibu ni ama Serikali ama wachimbaji. Wananchi walimpa kura nyingi kidogo kuliko Labour, lakini viti 297 kwa 301, na tarehe 4 Machi akaondoka. Mtu aliye madarakani anapouliza ni nani anayetawala, wengi hudhani kwamba jibu alipaswa kuwa nalo yeye.

Wapo watakaosema kwamba Desemba, 2019, Boris Johnson aliitisha uchaguzi kabla ya wakati na akashinda kwa viti 365. Ni kweli, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Lakini uchaguzi ule haukuwa wa ghafla. Mara tatu Bwana Johnson aliliomba Bunge theluthi mbili akazikosa, mpaka ikatungwa sheria ya pekee. Kwa miezi mwananchi aliona kwa macho yake kwamba Bunge limekwama, na shauri la Ulaya lilikuwa limemchosha yeye mwenyewe. Swali la Serikali na swali la barabarani yalikuwa, kwa mara ile, swali moja.

Katika Afrika Mashariki upo mfano wa namna nyingine. Kenya ilitazamia uchaguzi mwaka 1984. Mei, 1983, miezi michache baada ya jaribio la kuipindua Serikali la tarehe 1 Agosti, 1982, Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba uchaguzi utaletwa mbele. Nchi nzima ilikuwa ikizungumza juu ya “msaliti” aliyesemekana kuandaliwa na wageni kushika madaraka, na Waziri Charles Njonjo akaangushwa kabla ya siku ya kura. Tangu Juni, 1982, KANU kilikuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria, na Rais hakuwa na mpinzani. Mpiga kura hakuweza kujibu kwa kuchagua chama kingine. Tarehe 26 Septemba, 1983, mawaziri kadhaa waliangushwa majimboni, na waliofika vituoni hawakufikia nusu ya walioandikishwa. Kutofika nako ni jibu, ingawa ni gumu kulisoma, na mkubwa aweza kulifasiri apendavyo.

Waingereza wenyewe hawakuifunga njia, waliifungua zaidi. Mwaka 2022 sheria ya 2011 ilifutwa, na tarehe ya uchaguzi ikarudi mikononi mwa mtu mmoja. Mei 22, 2024, Rishi Sunak alisimama kwenye mvua mbele ya mlango ule ule akatangaza uchaguzi wa tarehe 4 Julai. Katika Scotland, shule zikiwa zimekwisha kufungwa na familia nyingi zikiwa safarini, watu walilalamika kwamba karatasi za kura za posta hazijawafikia, na baraza la mji wa Edinburgh likafungua ofisi ya haraka ya kutoa nyingine. Lililoudhi umma kuliko yote ni habari kwamba watu waliokuwa karibu na wakubwa walikuwa wamecheza kamari juu ya tarehe ya uchaguzi kabla haijatangazwa. Tume inayosimamia michezo ya kamari ilianza uchunguzi, na mwaka 2025 watu kadhaa walishtakiwa. Tarehe iliyofichwa mwalimu mkuu na karani wa uchaguzi ilikuwa ikijulikana kwenye meza ya kamari. Conservative walibaki na viti 121, na wapiga kura karibu wanne katika kila kumi hawakwenda vituoni.

Bunge lililokutana kwa mara ya kwanza tarehe 9 Julai, 2024, litavunjika lenyewe kwa nguvu ya sheria ifikapo tarehe 9 Julai, 2029, kama halijavunjwa kabla. Siku yoyote kabla ya hapo Waziri Mkuu aliye madarakani anaweza kumwomba Mfalme alivunje, na toka kuvunjwa mpaka kupiga kura ni siku 25 za kazi. Katika siku hizo msimamizi wa uchaguzi atatafuta kumbi, makarani na masanduku, na mwalimu mkuu atatoa ratiba yake ya mitihani mezani aanze kuipanga upya.